UZI: Kanisa, bangi na unga. Tulianza na muuzaji, tukaishia kumfunga mlevi

1/ Kila tukikaribia uchaguzi mjadala wa dawa za kulevya unafufuka. Mmoja anapanda jukwaani anasema tuhalalishe bangi tulipe deni la taifa. Mwingine anapanda na Biblia mkononi anasema tukihalalisha tumekwisha. Makofi pande zote, halafu kila mtu anaenda kwake. Leo nataka tuangalie upande wa Kanisa, manake unatajwa sana lakini historia yake haisomwi. Kanuni za uzi ni zile zile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama.

2/ Hoja yangu ni moja, naiweka wazi mapema ili mtu asinisome nusu. Wakristo walioanzisha vita dhidi ya dawa za kulevya duniani walikuwa wanapigana na MUUZAJI. Njiani, sheria ikageuka ikamshika MTUMIAJI. Leo tunabishana kana kwamba Mkristo ana njia mbili tu, kufungua duka au kujaza jela. Historia yetu wenyewe inasema kuna ya tatu.

3/ Kwa nini najali? Mimi ni wa Mwakirunge, Kisauni. Wengi mnaijua kwa sababu taka za Mombasa zinamwagwa huku, hasa tangu jaa la Kibarani lifungwe. Sisi tunaijua pia kwa mnazi. Marehemu babu alikuwa mgema, na karo za watoto wake zilipanda na kushuka mnazi pamoja naye. Jumapili mchungaji anakemea mangwe, Jumatatu mzee anapanda mnazi ili mtoto asirudishwe nyumbani kwa karo. Kwa hivyo mtu akiniambia jambo hili ni jepesi, najua hajakaa huku.

4/ Kabla ya historia, maneno. Mijadala mingi inaharibika hapa.
Kuhalalisha: serikali inaruhusu kitu kilimwe, kiuzwe, kitozwe ushuru. Uruguay walifanya hivyo kwa bangi 2013, Kanada 2018.
Kuondoa jinai: kuuza bado ni kosa, lakini ukikutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe hupelekwi jela. Ureno walianza hivyo 2001. Ukikutwa na kisichozidi matumizi ya siku 10 unapelekwa mbele ya kamati inayozungumza nawe kuhusu matibabu.
Kutibu: hospitali inampa mgonjwa dawa ya kumtoa kwenye unga.
Mtu akisema "Ureno walihalalisha", muulize anamaanisha lipi.

5/ Sasa twende nyuma. Wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti Pwani walikuja karibu sana na hapa kwetu. Krapf alifika Mombasa 1844 na kuanzisha kituo Rabai 1846. Wamethodisti wakafika Ribe 1862. Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru, ilianza 1875 hapo Kisauni. Wote walikuta mnazi uko katikati ya maisha. Mahari yana mnazi, matanga yana mnazi, wazee wakisuluhisha ugomvi kuna mnazi. Krapf alilalamika kuhusu ulevi huu katika maandishi yake. Kwa hivyo mabishano ya Kanisa na mnazi huku yana umri mkubwa kuliko nchi ya Kenya.

6/ Lakini wakati wamisionari wanalalamikia kibuyu cha mzee wa Kimijikenda, meli za Ulaya zilikuwa zinashusha pombe kali Afrika kwa mapipa. Baadhi ya Wakristo wa Ulaya waliliona hilo na wakapiga kelele. Ndipo Mkataba wa Brussels wa 1890, ule wa kupinga biashara ya watumwa, ukaweka pia masharti ya kudhibiti pombe kali katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Mombasa imo ndani. Mwaka 1919 mkataba wa Saint-Germain ukaja kukaza zaidi.

7/ Hapa kuna uzuri na ubaya. Uzuri: mkataba ulimlenga mfanyabiashara. Ubaya: utekelezaji uliangalia ngozi. Chini ya ukoloni Mwafrika alikatazwa pombe kali ambayo Mzungu aliinywa klabuni bila wasiwasi. Mmisionari alikuwa anaogopea roho ya mtu, mlowezi na bwana DC walikuwa wanaogopea kazi isiyofanyika. Sheria moja, nia mbili. Hili tulishike, litarudi.

8/ Upande wa afyuni ndiko historia inakouma. Karne ya 19 serikali ya Waingereza India ilisimamia kilimo cha afyuni na kuiuza kwa mnada, ikapelekwa China. China ilipokataa, Uingereza ikaenda vitani, 1839 hadi 1842, halafu tena 1856 hadi 1860. Yaani dola iliyojiita ya Kikristo ilipigana vita ili biashara ya ulevi iendelee. Kiswahili chenyewe kina kumbukumbu ya afyuni. Neno "kasumba", tunalosema kila siku kwenye "kasumba za kikoloni", maana yake ya asili ni afyuni.

9/ Waliosimama kuipinga biashara hiyo ndani ya Uingereza wengi walikuwa watu wa kanisa. Wakweka walikuwa mstari wa mbele katika chama cha kupinga biashara ya afyuni kilichoundwa 1874, na wamisionari waliorudi kutoka China, kama Hudson Taylor, walishuhudia walichokiona. Walikuwa wanaishitaki serikali YAO kwa kujaza hazina kwa pesa ya uraibu. Hawakuwa wanadai mvutaji wa Kichina atiwe pingu.

10/ Halafu anakuja askofu. Charles Brent, wa Kanisa la Episkopali (ndugu za Waanglikana wetu), alikuwa askofu huko Ufilipino wakati Marekani inatawala. Mwaka 1903 serikali ya huko ilitaka kuuza haki ya kufanya biashara ya afyuni ili ipate mapato. Makanisa yakapinga, mpango ukafa. Februari 1909 Brent ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano wa Shanghai, mataifa 13, mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu afyuni. Kutoka hapo ukazaliwa mkataba wa The Hague wa 1912.
Kwa hivyo mtu akikwambia "dini ikae mbali na sera za dawa za kulevya", mwambie mfumo wenyewe ulizaliwa na askofu kwenye kiti.

11/ Mwaka 1925 mkataba wa Geneva ukaongeza bangi kwenye orodha, kwa msukumo mkubwa wa Misri. Makoloni yakafuata. Kenya huru ikarithi sheria ya kikoloni, na 1994 Bunge likapitisha sheria mpya ya kudhibiti dawa za kulevya. Ilipotungwa, ukikutwa na bangi ya kuvuta mwenyewe ungeweza kufungwa hadi miaka 10. Imerekebishwa tangu hapo, 2022, lakini jela bado imo.
Linganisheni. Wakweka walikuwa wanaishitaki dola. Sisi tunamfikisha mahakamani kijana wa misokoto miwili, na mwenye boti tunamsikia kwenye habari tu.

12/ "Lakini Biblia inasemaje?" Haya.
Wanaotaka bangi wanapenda Mwanzo 1:29, Mungu kumpa mwanadamu mimea yenye mbegu. Sawa, lakini mti wenye sumu pia ni mmea. Aya hiyo inahusu chakula.
Wanaopinga wanapenda Wagalatia 5:20, kwamba neno la Kigiriki lililotafsiriwa "uchawi" linatokana na dawa. Ni kweli, ndiko neno la Kizungu la famasi lilikotoka. Lakini Paulo hakuwa anaandika kuhusu methadoni, na huyo huyo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo.
Biblia ina Nuhu aliyelewa akaaibika, ina harusi ya Kana, ina Mithali inayoonya wafalme. Inachokemea kote ni mtu kutawaliwa na kitu. Hilo Wakatoliki, Waanglikana na Wapentekoste wote wanakubaliana, hata kama mmoja ana divai altareni na mwingine hagusi kabisa. Mkazo wa kutogusa tone uliimarishwa sana na Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Rwanda miaka ya 1930.

13/ Aya ninayoona imesahaulika ni Kumbukumbu la Torati 22:8. Ukijenga nyumba, jenga ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asianguke ukawa na hatia ya damu. Angalieni mzigo umewekwa kwa nani. Anayeanguka anaweza kuwa mzembe, hata mlevi, lakini swali la kwanza ni la MWENYE NYUMBA. Kwangu hiyo ndiyo sera ya Kikristo ya dawa za kulevya katika aya moja.

14/ Sasa tujaribu hoja hii na Kenya, manake tuna majaribio yetu tayari. Chang'aa. Mwaka 1980 sheria ikaipiga marufuku kabisa. Iliisha? Ilihamia mtoni na kwenye vichochoro, polisi wakapata kitega uchumi. Novemba 2000 Nairobi, pombe ya kumi-kumi iliyochanganywa methanoli iliua zaidi ya watu 100 na kupofusha wengine. Hiyo ilikuwa chini ya MARUFUKU.

15/ Mwaka 2010 tukageuka. Sheria mpya ya pombe ikaondoa marufuku ya 1980. Chang'aa ikaruhusiwa, mradi itengenezwe kwa viwango na iuzwe kwenye chupa ya kioo isiyopungua mililita 250, na baa zifunguliwe saa 11 jioni siku za kazi. Kwenye karatasi, safi. Mei 2014 methanoli ikaua tena makumi ya watu katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwemo. Hiyo ilikuwa chini ya UHALALI.
Kwa hivyo pande zote mbili za jukwaa zina makaburi ya kueleza. Anayesema "tupige marufuku itaisha" aeleze 2000. Anayesema "tuhalalishe itakuwa salama" aeleze 2014. Kilichokuwa sawa mara zote mbili ni muuzaji aliyejua atapita.

16/ Njooni Mombasa, kwenye unga. Heroini imepita bandari na fuo zetu miongo kadhaa, na sehemu yake inabaki hapa. Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata jahazi baharini mashariki ya Mombasa likiwa na kilo 1,032 za heroini. Zaidi ya tani moja, jahazi moja! Linganisha na kete anayokamatwa nayo teja wa Kisauni. Hata ukiziweka zote za kituo kizima cha polisi kwenye mizani, hazitikisi jahazi hilo.

17/ Mwishoni mwa 2010 kuingia 2011 kulitokea jambo ambalo kila mwanasiasa wa Pwani angepaswa kulijua. Baada ya msako mkali unga ukaadimika ghafla. Kwa maneno ya jukwaani huo ni ushindi. Mitaani ilikuwa arosto: watu wanatapika, wanatetemeka, wanameza vidonge vyovyote wanavyopata mradi maumivu yapungue. Hakukuwa na matibabu ya kutosha ya kuwapokea. Tulifunga bomba bila kuandaa kitanda. Na unga ukarudi.

18/ Mwaka 2012 serikali ilipotangaza mpango wa kugawa sindano safi ili kupunguza Ukimwi kwa wanaojidunga, viongozi wengi wa dini Pwani, wa misikiti na makanisa, walikataa. Hofu yao naielewa: utampa mtu sindano halafu umwambie aache? Lakini kitu kilifuata. Mwishoni mwa 2014 matibabu ya methadoni yakaanza Mathari, Nairobi, 2015 yakafika Malindi, baadaye Kisauni hapa. Mgonjwa anakwenda kila siku, anakunywa dawa mbele ya muuguzi, anaondoka. Haibi betri ya gari, hajidungi. Kuna kina mama kanisani kwetu walioona kijana wao akikaa mezani kula kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Hao ukiwaambia methadoni ni kulea dhambi, hawatakujibu, watakutazama tu.

19/ Na kliniki ya methadoni ikafunguliwa hata ndani ya gereza la Shimo la Tewa. Nasifu waliofanya hivyo. Lakini fikirini maana yake. Dola imekubali kwamba aliyefungwa ni mgonjwa, ikamjengea hospitali huko huko jela. Basi kwa nini asubuhi ile hakupelekwa hospitali moja kwa moja?

20/ Tusisahau muguka. Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Wengi makanisani na misikitini wakashangilia. Mahakama Kuu ikasimamisha amri, serikali kuu ikasema zao hilo linatambuliwa na sheria ya kitaifa. Watu wa Embu wakauliza: watoto wetu wale nini? Hao nao ni Wakristo, fungu la kumi lao linatoka kwenye jani hilo hilo.
Hapa Pwani tulikemea muguka wa Embu kwa sauti kubwa kuliko mnazi wetu. Najua kwa nini, manake mnazi ni babu yangu. Lakini Embu naye ni babu ya mtu. Kama kipimo ni madhara kwa watoto, kitumike kwa wote: umri, saa za kuuza, umbali na shule, na njia nyingine ya riziki kwa mkulima.

21/ Niwape hoja kali zaidi ya upande unaonipinga, haki ni haki. Juni 2014 Papa Francis alisema uovu wa dawa za kulevya haushindwi kwa kulegeza kamba, kwamba kuhalalisha hata kidogo hakujaleta matokeo yaliyotarajiwa, na hata kumpa mraibu dawa mbadala aliona ni kusalimu amri kwa kujificha. Huyu hakuwa mtu wa jukwaa, alikuwa amewahi kukaa na mateja wa mitaa ya Argentina. Kuhusu kuhalalisha biashara naungana naye. Takwimu zinamuunga mkono pia: kwa utafiti wa NACADA wa 2022, Mkenya mmoja kati ya 8 wa miaka 15 hadi 65 anatumia pombe, na mmoja kati ya 53 anatumia bangi. Kile kinachouzwa kwa leseni na mabango ndicho kilichoenea zaidi. Kuhusu dawa mbadala, Kisauni imenionyesha kingine.

22/ Upande wa pili nao wana hoja. Mwaka 2021 Marasta wa Kenya walikwenda Mahakama Kuu wakisema bangi ni ibada yao. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua 2018 kwamba mtu mzima anaweza kuvuta faraghani, bila ruhusa ya kuuza. Mkristo anayedai uhuru wa ibada hawezi kucheka ombi la Mrasta kama porojo. Anaweza kulipinga, lakini kwa hoja. Na yule aliyegombea urais 2022 akiahidi bangi italipa deni alipata chini ya asilimia 1. Watu walicheka, hawakupiga kura. Mimi nilichopinga kwake ni hesabu: ile ya Ufilipino 1903, kujaza hazina kwa uraibu. Makanisa yalishaijibu zamani.

23/ Kwa hivyo msimamo wangu, kama Mkristo wa Mwakirunge anayesomea siasa:
Moja, hapana kwa biashara ya uraibu, hata ikija na ushuru na chupa nzuri.
Mbili, hapana kwa jela ya mtumiaji. Faini na kifungo vinamrudisha mtaani akiwa maskini zaidi na hana kazi.
Tatu, ndiyo kwa matibabu karibu na nyumbani, na makanisa yafungue kumbi zake siku sita zinazokaa tupu.
Nne, nguvu yote ya sheria iende kwa mwenye jahazi, na kwa afisa anayemfungulia njia.

24/ Akija mgombea kijijini kwenu akiongelea dawa za kulevya, msimwachie aseme "nitapambana". Muulizeni: utapambana na nani? Kaunti yetu ina vitanda vingapi vya matibabu, na utaongeza vingapi? Mkulima wa muguka na mgema wa mnazi utawapa nini mkononi? Kesi ya mwisho ya mfadhili mkubwa iliishaje? Akijibu kwa aya ya Biblia peke yake au kwa ahadi ya kulipa deni la taifa, mpeni maji anywe, mmpigie makofi, kura mkae nayo.

25/ Mwenye hoja tofauti aweke hapa chini. Tunabishana kwa heshima. Mwenye kijana anayehangaika na unga huku Kisauni, zahanati iko, na hamna haja ya kuona aibu kumpeleka. Uzi ujao: ardhi za Pwani na hatimiliki.